Runinga ya Marehemu Eliufoo

Zilipobaki dakika nane kufika saa kumi alasiri, Inspekta Salvina Kessy aliwaomba wote waliokuwemo sebuleni wakae, na mikono waiweke magotini, mahali anapoweza kuiona.

"Hata mimi, afande?" aliuliza fundi Wilson.

"Hata wewe. Ukishaiwasha kamera yako, mikono magotini."

Wilson alikuwa na duka la kutengeneza redio na runinga Moshi mjini, na Jumamosi alipiga picha za video kwenye maharusi. Kamera hiyo ya maharusi ndiyo aliyopanda nayo kijijini Masama siku hiyo. Aliisimamisha kwenye miguu yake mitatu nyuma ya kochi, akageuza kioo chake kidogo kimwelekee Salvina, kisha akatoa rimoti mfukoni.

"Tazama ncha ya rimoti hii kwa macho yako." Akabonyeza. "Unaona nini?"

"Sioni kitu."

"Sasa tazama kwenye kioo cha kamera."

Akabonyeza tena. Kwenye kioo, ncha ya rimoti ilimetameta mwanga wa zambarau, kama kijinga cha moto kinachopulizwa.

"Mwanga upo siku zote," Wilson alisema. "Jicho la mtu halina uwezo nao. La kamera linao. Kama kuna mtu anayeiamrisha runinga hii, leo tutamwona."

Mjane wa nyumba hiyo, Aikande, hakugeuka kuitazama rimoti. Alikuwa kwenye kigoda karibu na mlango wa jikoni, gauni jeusi, kitambaa cheusi kichwani, macho kwenye kioo cha runinga. Juu ya runinga mtu alikuwa amefunga majani mawili ya isale, yale ambayo Wachagga hupelekeana kuombana radhi. Yalikuwa yameanza kunyauka.

"Nani aliyeyafunga, mama?" Salvina aliuliza.

"Shemeji yangu, Ebenezeri. Alisema marehemu ana jambo lake, tumwombe radhi."

Nje, ukungu wa Julai ulikuwa umeshuka kutoka msituni tangu saa saba. Ulimeza migomba, ukameza zizi, ukameza hata kaburi ambalo halikuzidi hatua thelathini kutoka dirishani. Mara moja moja zilisikika hatua za Koplo Melkior aliyekuwa anaizunguka nyumba. Wiki iliyopita Salvina alishuku kwamba kuna mtu anayesimama dirishani na rimoti ya kununua, akimtisha mjane. Kwa hiyo leo mapazia yalikuwa yamefungwa, na Melkior alikuwa na amri ya kumkamata yeyote atakayesogea. Asubuhi ya siku hiyo Wilson alikuwa ameifungua runinga yenyewe na kuichungulia kila pembe. Haikuwa na saa ya kuiwasha, wala waya usiokuwa wake.

Jalada lenyewe lilikuwa jembamba. Eliufoo, fundi wa simu mstaafu, alikufa Alhamisi ya tarehe 10 Juni, mwaka huo wa 2004, akiwa peke yake kwenye kiti chake cha magurudumu hapo hapo sebuleni. Daktari aliandika kiharusi, na hakuna aliyeshangaa. Kiharusi cha kwanza kilikuwa kimechukua miguu yake miaka miwili kabla. Cha pili, mwezi Januari, kilichukua mikono na maneno. Wiki tatu baada ya mazishi, mdogo wake Ebenezeri aliingia ofisi ya upelelezi mjini na karatasi yenye alama ya dole gumba la marehemu, inayompa yeye kihamba chote, shamba la ukoo, na nyumba ikiwa ndani yake. Akaongeza kwamba shemeji yake ndiye aliyemlisha kaka yake sumu. Ushahidi? Marehemu hatulii. Kila siku saa kumi anaiwasha runinga yake. Ukoo ulikuwa umempa Aikande mpaka Jumamosi awe ameondoka.

"Siwezi kumkamata mtu kwa ushahidi wa runinga," Salvina alimwambia mkuu wake. "Lakini naweza kwenda kuitazama."

Zilibaki dakika mbili.

"Hamkujaribu kuichomoa?" Wilson alinong'ona.

"Mchungaji alituambia tuichomoe," alijibu Aikande. "Tuliichomoa siku mbili. Siku ya tatu nikairudisha."

"Kwa nini, mama?"

"Saa kumi ilipofika nyumba ikanyamaza, nikaogopa zaidi."

Salvina alitazama saa yake ya mkononi. Mshale wa sekunde ukazunguka, ukapita juu, ukaanza kuteremka.

Kitu kikalia ndani ya runinga, ta, kama kucha kwenye bati. Kioo kikawa kijivu. Zikaja chenga, zikatambaa toka juu hadi chini, na katikati yake uso wa mwanamume ukajitengeneza polepole, mdomo ukifunguka na kufumba kabla sauti haijafika. Kisha sauti ikafika. Alikuwa msomaji wa matangazo ya vifo.

Mikono yote ilikuwa magotini. Aikande alikuwa amefumba macho, midomo ikicheza.

"Melkior!" Salvina aliita.

"Hakuna mtu, afande!" ilijibu sauti kutoka ndani ya ukungu. "Hata mbuzi hakuna!"

Wilson alikuwa tayari anairudisha nyuma kanda ya kamera. Walisogeza vichwa pamoja. Kwenye kioo kidogo ilionekana sebule ile ile na runinga ikiwa bado nyeusi. Halafu juu kabisa, kwenye dari, mahali ambapo macho yao hayakuona chochote, nukta ya zambarau ilipepesa. Ilipepesa kwa haraka mno, ikatulia, na runinga ikawaka.

"Mungu wangu," Wilson alisema. "Mwanga uko juu yetu."

Salvina alipanda juu ya meza. Kwenye ubao wa dari palikuwa na tundu dogo, saizi ya tundu la msumari, na ndani yake kitaa cha kioo kisichozidi punje ya mtama. Alikigusa kwa ncha ya kalamu. Kilikuwa kimeunganishwa na waya mwembamba wa simu. Pembeni yake palikuwa na kijicho kingine cheusi.

"Hiki cha pili ni nini?"

"Hicho hakitoi mwanga. Kinapokea," alisema Wilson. "Kinasikiliza rimoti."

"Mama, waya huu unakwenda wapi?"

Aikande alifumbua macho. Alinyanyua mkono akaonyesha ukuta wa upande wa mlima. "Huko ni stoo yake. Vyombo vyake vya kazi. Sijaingia tangu tumzike."

Ufunguo ulitoka kwenye kopo la chumvi jikoni. Mlango ulipofunguliwa, joto liliwapiga usoni, joto la kitu kilicho hai, na mvumo mdogo usiokatika. Kwenye kona, chini ya mfuko mtupu wa mbolea, kompyuta ya zamani ilikuwa inafanya kazi. Kijitaa chake cha kijani kiliwaka, feni yake ikivuta pumzi na kuitoa. Ilikuwa imefanya kazi hivyo siku arobaini, gizani, ndani ya nyumba ya msiba, na aliyeiwasha yuko chini ya udongo.

"Mimi nilidhani ni friji," Aikande alisema kwa sauti ndogo. "Nilikuwa nalala nikiusikia mvumo huu, nadhani ni friji."

Kando ya kompyuta palikuwa na daftari la mistari lenye jalada gumu. Wilson alilifungua, akaanza kusoma akiwa amesimama, mwisho akavuta ndoo akaikalia.

"Afande, huyu mzee alikuwa mtu wa hatari."

"Nieleze kama unavyomweleza mtu asiyejua kitu."

"Kila kitufe cha rimoti kina wimbo wake wa mwanga. Unawaka muda mfupi, unazima, unawaka, unazima muda mrefu. Walioitengeneza hawamwambii mtu wimbo huo. Sasa tazama. Amebonyeza kitufe kimoja mara mia, anaandika alichopokea. Anakwenda cha pili, mara mia. Analinganisha." Ukurasa baada ya ukurasa ulikuwa umejaa vistari vifupi na virefu, mwandiko wa fundi wa simu, umenyooka kama nyaya nguzoni. "Hapa amegundua kwamba nusu ya kwanza haibadiliki kamwe. Hilo ni jina la runinga, ili redio isidhani inaitwa yeye. Nusu ya pili ndiyo amri. Na amri inasemwa mara mbili, ya pili ikiwa imegeuzwa, mfupi kwa mrefu. Kama hazilingani, runinga inaitupa."

"Kwa hiyo jua au taa haviwezi kuidanganya."

"Haviwezi. Alipoujua wimbo wote, akaifundisha kompyuta iuimbe yenyewe. Runinga, redio, mpaka taa ya chumbani. Tarehe za mwisho humu ni za Desemba."

Salvina alihesabu kichwani. Desemba mzee alikuwa hana miguu, mikono anayo bado. Januari mikono ikaondoka. Mtu huyo alikuwa ameona linalokuja, akajitengenezea mikono mingine kabla halijafika.

"Si kweli," Aikande alisema mlangoni. "Mimi niliishi naye humu. Runinga haikuwahi kujiwasha saa kumi akiwa hai. Hata siku moja."

"Kabla ya msiba, mama, saa kumi ulikuwa unafanya nini?"

"Napeleka maziwa ya jioni kituoni."

"Unatoka saa ngapi?"

"Saa tisa na nusu. Narudi saa kumi na moja na nusu."

"Kila siku?"

"Ng'ombe hana Jumapili, mwanangu."

"Na sasa nani anapeleka?"

"Jirani. Mimi nimekaa ndani kwa ajili ya..." Akakatisha.

"Wilson, runinga inajizima saa ngapi?"

Fundi alitazama daftari. "Saa kumi na moja kamili."

Aikande alishika fremu ya mlango. Saa kumi mpaka saa kumi na moja. Runinga ilikuwa ikiwaka na kuzimika kila siku ya Mungu kwa nusu mwaka, ili mtu asiyeweza kunyanyua kidole asikae peke yake kimya, na mke wake alikuwa njiani na ndoo ya maziwa. Nyumba haikubadilika. Aliyebadilika ni yeye, kwa sababu sasa saa kumi inamkuta ndani.

"Hakuniambia," alisema.

"Alipokuwa na maneno pengine hakutaka kukutia hofu," alisema Salvina. "Baadaye hakuwa nayo." Kisha akamgeukia Wilson. "Umesema kijicho kile kinasikiliza. Kinaandika kinachosikia?"

Wilson aliunganisha kioo cha kompyuta kilichokuwa kimelazwa sakafuni, akapiga vitufe kadhaa. Mistari ikapanda, mingi, ya miezi. Kila mmoja ulikuwa na tarehe, saa na neno. Pale kompyuta ilipotoa amri yenyewe, Eliufoo aliifundisha iandike MIMI. Pale iliposikia rimoti ya mkononi, iliandika RIMOTI.

MIMI. MIMI. MIMI. Aikande alisoma neno hilo likishuka kioo kizima, kila siku mara mbili, hata siku ya mazishi, hata leo. Akarudi nyuma, akakaa sakafuni ukumbini.

Salvina alitoa saa yake, akailinganisha na ya kompyuta. Kompyuta ilikuwa nyuma kwa dakika moja. Aliandika hilo kwenye kitabu chake. Akamwagiza Wilson akabonyeze kitufe cha sauti cha rimoti yake sebuleni, na mstari mpya ukatokea papo hapo: RIMOTI. Akaliandika na hilo.

"Sasa nipe tarehe 10 Juni."

Wilson alishusha mistari. Salvina aliinama na kuandika alichokiona.

16:00, MIMI, kuwasha kuzima. 16:09, RIMOTI, sauti juu. Mstari huo ulijirudia mara kumi na nne. 16:31, RIMOTI, kuwasha kuzima. 17:00, MIMI, kuwasha kuzima.

"Mama Aikande, rimoti ya runinga iko wapi?"

"Ilipotea siku za msiba. Sikujali."

"Mzee angeweza kuibonyeza?"

"Alikuwa hawezi kufukuza nzi usoni, mwanangu."

"Kuna kitu kimoja sikielewi," Wilson alisema. "Kuwasha na kuzima ni kitufe kile kile, na kompyuta haioni kama runinga imewaka au la. Inabonyeza tu. Sasa kama saa kumi na nusu mtu aliizima kwa rimoti..."

"Saa kumi na moja kompyuta ilidhani inaizima, kumbe inaiwasha," alimalizia Salvina. Alifungua kitabu chake nyuma, kwenye maelezo ya wiki iliyopita. "Mama, hapa uliniambia kwamba siku ile ulipofika getini ulisikia runinga inapiga kelele."

"Ilikuwa inapasua masikio. Niliingia mbio nikaichomoa kwanza, nikijua amesinzia. Ndipo nikamwona."

"Ulimwambia nani habari ya kelele hizo?"

"Wewe tu. Nani angeniuliza sauti ya runinga siku ya msiba?"

"Na ulipomwosha mumeo, hukuona kitu mwilini?"

Aikande alifikiri. "Dole gumba la kulia lilikuwa na rangi ya buluu. Nilisugua halikutoka. Nilidhani ni damu imelala."

Salvina alifunga kitabu. "Melkior," aliita, "kamlete Mzee Ebenezeri. Mwambie ninahitaji maelezo yake kidogo tu kuhusu kihamba."

Ebenezeri alikaa ng'ambo ya mto mdogo, mwendo wa dakika kumi. Alifika amevaa koti zito, kofia mkononi, matone ya ukungu kwenye nyusi. Runinga ilikuwa bado inaongea. Alikaa kwenye kochi lililo mbali nayo kuliko yote.

"Shikamoo, baba," Salvina alimwamkia.

"Marahaba. Mmeiona wenyewe sasa."

"Tumeiona. Nataka niweke maandishi sawa. Siku aliyofariki kaka yako ulikuwa wapi?"

"Sanya Juu, kufuata mahindi. Niliondoka alfajiri. Habari zilinikuta huko jioni."

"Hapa hukupita kabisa?"

"Kabisa."

"Na karatasi ya kihamba, aliiwekea dole gumba lini?"

"Mwaka jana, mwezi wa kumi. Imeandikwa."

"Mwezi wa kumi alikuwa na mikono yake na mwandiko mzuri kuliko wangu. Kwa nini hakusaini?"

Ebenezeri aligeuza kofia. "Mambo ya wazee. Dole gumba halighushiwi."

Salvina alitikisa kichwa kukubali, akaandika bila haraka. Ukutani saa ilikuwa inakaribia kumi na moja. Alizungumza bila kunyanyua macho.

"Jambo la mwisho. Shemeji yako alipofika siku ile, marehemu akiwa kitini amekwisha kukata roho, aliikuta runinga hii imewashwa. Inapiga kelele mpaka getini."

"Si kweli."

"Ndivyo alivyoikuta."

"Haiwezekani!" Ebenezeri alisimama. Uso ulikuwa umemparara kama mtu aliyetoka jivuni. "Haiwezi kuwa ilikuwa imewaka. Niliizima. Niliizima mimi kwa mkono wangu, nikaona kioo kinakufa..."

Wakati huo huo saa ikafika kumi na moja. Kitu kikalia, ta, na runinga ikazimika mbele yake.

Alianguka tena kwenye kochi.

"Mzee Ebenezeri," alisema Salvina, "kuanzia sasa hulazimiki kusema neno. Utakalolisema nitaliandika, na litasomwa mahakamani. Umeelewa?"

"Iliwaka yenyewe," alisema, kana kwamba hakumsikia. "Nilikuwa nimepiga magoti hapo, nimekishika kidole chake. Ikawaka nyuma yangu. Hakuna mtu ndani, yeye mikono imekufa, ikawaka. Nikajua ananitazama kutoka humo kwenye kioo."

"Ukaendelea."

"Wino ulikuwa tayari uko kidoleni."

"Ukaongeza sauti."

"Alianza kupiga kelele. Barabara iko pale. Rimoti ilikuwa mezani." Alijifuta mdomo. "Baadaye nimeitupa mtoni Kikafu. Lakini sikumgusa shingo, mwanangu, wala sikumziba pumzi. Nilishika kidole tu. Alikuwa anakunja ngumi. Aliyekuwa hana mkono alikunja ngumi! Nikawa naifungua, anaikunja, naifungua. Na kelele. Halafu akanyamaza mwenyewe."

Salvina aliandika: *Marehemu alipiga kelele.* "Kelele gani? Mtu huyu hakuwa na maneno."

"Hakuwa na maneno. Ai, ai, ai. Kama mtoto mchanga. Ai, ai. Mpaka mwisho."

Kwenye mlango wa jikoni kitu kilianguka. Ilikuwa sufuria, na Aikande alikuwa amesimama nyuma yake, mikono ingali imeshika mahali ilipokuwa.

"Haikuwa kelele," alisema. Hakumwambia Ebenezeri. Alimwambia Salvina, polepole, kama mtu anayetoa maelezo na anataka yaandikwe sawasawa. "Tangu Januari alibakiwa na neno hilo tu. Akitaka maji, Ai. Akitaka kugeuzwa, Ai. Akiniona naingia na ndoo, Ai. Jina langu lote halikuwa linamtoka, alikuwa anaishia nusu."

Ebenezeri aliinamisha kichwa mpaka kofia ikamtoka mikononi.

Salvina alitazama mstari aliouandika. Akaukata kwa wino, mara moja, ili kilichokatwa kiendelee kusomeka kama sheria inavyotaka. Juu yake akaandika kwa herufi ndogo zilizosimama: *Marehemu alimwita mke wake, kwa muda wa dakika ishirini na mbili.*

Kisha akasogeza karatasi juu ya meza, akampa Ebenezeri kalamu, akamwonyesha kwa kidole mahali pa kusaini pembeni ya sahihisho.